'Kesho' ya nani? Somo la lugha kutoka kwa lahajedwali la majani chai

Kwenye ukuta wa kituo kimoja cha kununulia majani chai, upande wa Konoin katika Kaunti ya Bomet, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: "Kesho hakuna kununua majani." Niliisoma Jumatano asubuhi. Mzee aliyekuwa mbele yangu, kikapu mgongoni, naye aliisoma, akaguna, kisha akanigeukia: "Mwalimu, hii kesho ni ya leo ama ni ya jana?"

Swali lake halikuwa la mzaha. Mkulima wa chai hupanga wachumaji wake siku moja kabla. Akiwaita na kituo kiwe kimefungwa, majani yatalala guniani, yatapata joto, yatageuka rangi, na kiwanda hakitayapokea. Asipowaita na kituo kiwe wazi, majani mawili na chipukizi yatakomaa mtini bila kuchumwa. Mapato ya siku nzima yalining'inia kwenye neno moja, na neno lenyewe halikuwa na tarehe. Karani alipoulizwa alicheka: "Ilikuwa ya jana, mzee. Nilisahau kuitoa."

Wiki hiyo hiyo niliitwa kutatua tatizo jingine ambalo, nilipolichunguza, niliona ni ndugu wa karatasi ile. Nimeamua kuyaeleza yote mawili katika safu ya leo, kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza lugha ina uhusiano gani na kompyuta, nami nimekuwa nikiwajibu kwa maneno ya jumla tu.

Kikundi kidogo cha wakulima, ambacho sitakitaja, hukusanya majani ya wanachama, huyauza kwa pamoja na kugawana fedha kila mwezi. Wanachama ni 43. Kikundi pia huwakopesha mbolea na kukata deni kwenye malipo. Hesabu huwekwa katika lahajedwali, yaani ile programu ya kompyuta yenye visanduku vilivyopangwa kwa safu na mistari. Neno lenyewe limeundwa vizuri: laha, karatasi ya kuandikia, na jedwali. Kila kisanduku huitwa seli, na kila seli ina anwani. Safu hupewa herufi na mistari hupewa nambari, kwa hivyo C4 ni seli iliyo kwenye safu ya C, mstari wa 4.

Siku ya kusoma malipo, nyanya mmoja, ambaye sote tulimwita Kogo kama wanavyoitwa akina nyanya kwa Kikipsigis, aliambiwa kwamba mwezi huo hapati kitu. Zaidi ya hayo, anadaiwa. Nitatumia tarakimu nyepesi ili msomaji afuatilie. Alikuwa ameuza kilo 310 kwa shilingi 25, jumla shilingi 7,750. Karatasi ilionyesha kakatwa shilingi 10,000 za mbolea. Kwa hivyo alibaki na deni la shilingi 2,250.

Kogo hakupiga kelele. Alifungua kibeti chake, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya mfuko mmoja wa mbolea, shilingi 2,500. "Hii nyingine si yangu," akasema. "Mimi nilibeba mfuko moja. Mwenye kubeba mine aseme."

Palikuwa kimya. Baadaye nilielewa kwa nini. Wanachama wawili watatu walikuwa wamechukua mifuko mitano au sita, na siku hiyo walikuwa wamekatwa ya minne tu. Hawakuwa na haraka ya kuuliza. Wengine hawakuwa wamechukua mbolea kabisa, lakini waliposikia tarakimu zikisomwa kutoka kwa mashine, walinyamaza wakidhani wamesahau. Karani alinigeukia akinisihi: "Mwalimu, hebu kuja uangalie hii kompyuta. Mimi nimehesabu sawa."

Na kweli, mstari wa kwanza wa hesabu yake ulikuwa sawa kabisa. Mwanachama wa kwanza kwenye orodha ndiye aliyechukua mifuko minne. Kosa lilianzia mstari wa pili, likashuka hadi wa mwisho. Wote 43 walikuwa wamekatwa deni la mtu mmoja.

Ili kuona lililotokea, tuelewe kwanza jinsi lahajedwali linavyofikiri. Karani alikuwa na laha mbili: moja aliiita Malipo, nyingine Mbolea. Alitaka deni lililo kwenye laha ya Mbolea lijitokeze lenyewe kwenye laha ya Malipo, ili akibadilisha upande mmoja na mwingine ubadilike. Njia yake ni kunakili seli na kubandika kiungo badala ya kubandika tarakimu yenyewe. Alinakili seli moja, deni la mwanachama wa kwanza, akabandika kiungo kwenye seli ya D4 katika laha ya Malipo, halafu akaiburuta seli hiyo chini hadi mstari wa 46. Kazi ya sekunde tano.

Lakini Excel, programu aliyoitumia, ina mazoea yake. Ukinakili seli moja na kubandika kiungo, huandika hivi: =Mbolea!$C$4. Ukinakili seli nyingi kwa pamoja na kubandika kiungo, huandika =Mbolea!C4, kisha C5, C6 na kuendelea, bila alama ya dola. Alama hiyo haina uhusiano wowote na fedha. Maana yake ni "usisogee". Dola iliyotangulia C inaifunga safu, na iliyotangulia 4 inaufunga mstari. Kwa hivyo karani alipoburuta kiungo chake chini, kila mstari ulirudi kuuliza seli ile ile: C4, C4, C4. Kogo alikuwa mstari wa 20. Deni lake lilikuwa kwenye C20 likimngoja, lakini hakuna aliyeliuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kuingiza sarufi, maana hili ni jambo ambalo kila aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya amelifanyia mtihani.

Lahajedwali lina namna mbili za kutaja mahali. Ya kwanza nitaiita rejeleo tegemezi. Ukiandika =C4 ndani ya seli ya D4, mashine haielewi "C4" kama jina. Inaelewa "seli iliyo kushotoni kwangu mara moja". Ukiinakili fomula hiyo kwenye D5, inabaki ikisema "kushotoni kwangu", na kwa hivyo inakuwa =C5. Maneno ni yale yale, ila msemaji amehama. Ya pili nitaiita rejeleo thabiti, =$C$4, ambalo hutaja mahali pamoja bila kujali nani anataja. Mtu angeweza kuliita rejeleo kamili, lakini nasita. Kinyume cha kamili ni pungufu, na rejeleo tegemezi halipungukiwi na kitu. Linafanya kazi yake vizuri mahali pake, kama vile kishazi tegemezi si kishazi kibovu.

Kiswahili kimejaa marejeleo tegemezi. Hapa, pale, huku, leo, jana, juzi, kesho, mtondo, mimi, wewe. Maneno haya hayana mahali wala siku wala mtu wa kudumu. Hupimwa kutoka kwa msemaji na wakati wake. Karl Bühler, msomi wa Ujerumani aliyeshughulikia saikolojia na lugha, katika kitabu chake Sprachtheorie cha mwaka wa 1934, alikiita kitovu hicho cha vipimo origo: pale ambapo mimi, hapa na sasa hukutana. Ukihamisha kitovu, vyote vinahama nacho. Upande wa pili tuna Kericho, Litein, tarehe 12 Juni, mwanachama nambari 17. Haya hayajali nani anasema wala lini.

Sasa kumbuka zoezi la usemi halisi na usemi wa taarifa. Mwalimu aliandika ubaoni: "Nitakuja hapa kesho," Chebet alisema. Ukatakiwa uandike katika usemi wa taarifa, nawe ukaandika: Chebet alisema kwamba angeenda pale siku iliyofuata. Wengi wetu tuliikariri orodha hiyo kama kasuku: leo huwa siku hiyo, jana huwa siku iliyotangulia, hapa huwa pale au hapo. Ni nadra tulipoambiwa sababu. Sababu ni kwamba tulikuwa tunanakili sentensi kutoka kinywa kimoja na kuibandika katika kingine. Kitovu kilihama, kwa hivyo marejeleo tegemezi yalitakiwa kurekebishwa ili yaendelee kuelekeza kule kule. Jina Chebet halikubadilika. Lilikuwa na dola zake mbili tayari.

Karatasi ya kituoni ilikuwa ni usemi halisi uliosahauliwa ukutani. Iliandikwa Jumatatu, ikabandikwa, na kila siku iliyopita kitovu chake kilihama na msomaji. Wenye maduka wanaijua hila hii tangu zamani. Nani hajaona kibao kinachosema kwamba leo ni pesa taslimu na mkopo ni kesho? Mteja arudipo kesho yake, kibao kingali kinasema kweli. Huo ndio mzaha wake: kesho ni rejeleo tegemezi, nalo huburutwa chini siku baada ya siku bila kufika. Mwenye duka amelitumia kwa makusudi. Karani wa kituo amelitumia kwa kusahau, na angeandika "Jumanne" mzee wangu asingehitaji kuniuliza.

Hata vitenzi vyetu vina tabia hii. Tazama sentensi: Alikwenda Kapkatet, akanunua mbolea, akarudi. Alikwenda kina -li- ya wakati uliopita. Akanunua na akarudi havina wakati wao wenyewe. Kiambishi -ka- huazima wakati kutoka kwa kitenzi kilichotangulia, kama seli inayosema "tazama iliyo juu yangu". Kata "akanunua mbolea" uibandike peke yake mahali pengine, na msomaji atauliza, nani, na lini? Vionyeshi navyo vina mgawanyo wa kazi. Hiki hupima ukaribu na msemaji, kile hupima umbali, na hicho hurejelea kilichokwisha kutajwa. Ethel Ashton aliifafanua hiyo -o ya urejeshi katika sarufi yake ya mwaka wa 1944, na walimu wengi bado huanzia hapo.

Turudi kwa karani. Alipoona kosa, alifanya kama wengi wetu tunavyofanya baada ya kuungua: alifuta dola zote katika fomula za mstari wa kwanza, kisha akaziburuta chini upya. Deni la kila mwanachama likarudi mahali pake. Nikamwomba asishangilie. Bei ya kilo alikuwa ameiweka mara moja tu, katika seli ya G1, na fomula ya malipo ilikuwa =B4*$G$1-D4, yaani kilo mara bei, toa deni. Baada ya kufuta dola, mstari wa pili ulisema =B5*G2-D5. Seli ya G2 haikuwa na kitu, na mashine huihesabu seli tupu kuwa sufuri. Kilo za watu zikazidishwa na sufuri, na kila aliyekopa mbolea akaonekana anadaiwa. Mstari wa kwanza, kwa mara nyingine, ulikuwa sawa.

"Sasa mwalimu, niweke dola ama nitoe?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Jibu halimo kwenye kompyuta. Limo katika swali ambalo mtu angemwuliza mwenzake kwa maneno: je, kitu hiki ni cha wote au ni cha kila mmoja? Bei ni ya wote. Mtu yeyote anapoitaja anamaanisha bei ile ile moja, kwa hivyo ifungwe: $G$1. Kilo na deni ni vya kila mmoja, kwa hivyo viachwe vifuatane na mwenyewe: B4, D4. Fomula moja inabeba aina zote mbili, sawa na sentensi "kila mtu alipe deni lake kwa mweka hazina". Mweka hazina ni mmoja kwa wote, ilhali lake hubadilika na kila mtu.

Kuna namna ya tatu, ambayo ni mseto. Tuseme safu zinaonyesha miezi na mistari inaonyesha wanachama, na bei ya kila mwezi imeandikwa katika mstari wa 2 juu ya mwezi wake. Fomula ni kilo mara B$2. Dola imeufunga mstari lakini imeiacha safu huru, ili bei ifuate mwezi isifuate mtu. Lugha inazo hizi pia. Neno Jumatatu limefungwa ndani ya juma, lakini juma lipi, hilo hutegemea lini umesema. Tarehe 15 imefungwa ndani ya mwezi, na mwezi uko huru. Ndiyo maana barua rasmi hudai siku, mwezi na mwaka: inaweka dola zote zinazowezekana.

Waundaji wa programu hizi walilijua tatizo tangu mwanzo. VisiCalc, lahajedwali la kwanza kupata umaarufu kwenye kompyuta ndogo, lililotolewa mwaka wa 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston huko Marekani, lilimwuliza mtumiaji kila aliponakili fomula: rejeleo hili libaki kama lilivyo au liwe tegemezi? Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini mtu hakuweza kukosea bila kuulizwa. Lotus 1-2-3 ya mwaka wa 1983, na Excel iliyofuata mwaka wa 1985, zilitumia dola ndani ya anwani yenyewe. Kazi ikawa nyepesi, na swali likanyamaza. Karani wa Konoin hakuulizwa. Programu ilimjibia, na jibu lilikuwa dola mbili asizoziona.

Jambo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi nikirudi nyumbani. Tulirekebisha laha, Kogo akasomewa shilingi 5,250, akaikunja risiti yake akairudisha kibetini. Lakini nilijua kazi haijaisha. Rejeleo thabiti halimtaji mtu. Linataja kiti. $C$20 ni kiti cha ishirini kwenye laha ya Mbolea, na anayekikalia leo ni Kogo. Mwezi ujao mweka hazina akiamua kupanga laha ya Mbolea kwa alfabeti, na ya Malipo ibaki kwa nambari za uanachama, kiti cha ishirini kitakaliwa na mwingine. Dola haitazuia hilo, na rejeleo tegemezi halitazuia pia. Kila seli itaendelea kuuliza kiti chake kwa uaminifu na kupokea deni la jirani.

Dawa ni kutaja mtu kwa jina lake. Kila mwanachama ana nambari ambayo hana mwenzake. Fomula ya kutafuta hufanya hivyo: =VLOOKUP(A4,Mbolea!$A$4:$C$46,3,FALSE). Kwa Kiswahili cha kawaida inasema: chukua nambari ya mwanachama aliye kwenye mstari huu, nenda katika daftari la mbolea, mtafute huyo huyo, usikubali anayefanana naye, uniletee kilicho katika safu yake ya tatu. Angalia jinsi aina mbili zinavyoshirikiana ndani yake. A4 haina dola, kwa sababu kila mstari una mtu wake. Daftari limefungwa kwa dola pande zote, kwa sababu wote wanatafutwa katika daftari moja. Mtu akihamishwa kiti, bado atapatikana.

Nilimwachia karani sheria mbili. Kwanza, usiamini mstari wa kwanza. Fungua wa pili, kisha wa mwisho, usome fomula zake kwa sauti kama sentensi. Pili, kabla ya kubandika chochote, jiulize nani anasema na kutoka wapi. Seli ukiikata na kuihamisha, Excel huacha fomula yake kama ilivyo. Ukiinakili, hubadilisha kila rejeleo lisilo na dola. Kukata ni kumhamisha msemaji pamoja na kauli yake, naye angali anamaanisha alichomaanisha. Kunakili ni kumpa mwingine maneno yale yale ayaseme akiwa kwake.

Ipo tofauti moja kati ya lugha na lahajedwali ambayo sitaki msomaji aisahau. Mzee wa kikapu aliposoma "kesho" ukutani, alishuku. Aligeuka akauliza. Binadamu akipewa rejeleo lililopotea hulitafutia kitovu, na akikosa, huuliza. Mashine haishuku. Itamwandikia Kogo deni la mtu mwingine kwa mwandiko mzuri, na kikao kizima kitanyamaza kwa sababu karatasi imepigwa chapa.

Kilichomwokoa Kogo ni risiti: siku, mwezi, mwaka, jina, mfuko mmoja. Nilipomwuliza kwa nini huzitunza zote, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Kijana wangu," akasema, "maneno ya watu hutembea. Karatasi yangu haitembei."

Siku nilipoondoka nilipitia tena pale kituoni. Karatasi ya zamani ilikuwa imetolewa na mpya kubandikwa. Ilisema: "Jumatatu hakuna kununua majani." Nilitaka kumwambia karani aongeze tarehe, lakini foleni ilikuwa ndefu na mizani ilikuwa inafanya kazi.